Griffin aanze Machi? Mimi nasema Indianapolis kwanza

Timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates itafungua msimu wa 2026 ugenini New York, dhidi ya Mets, tarehe 26 Machi. Siku hiyo Konnor Griffin atakuwa bado na miaka 19. Anatimiza 20 tarehe 24 Aprili. Tangu msimu uliopita uishe, mashabiki wa Pirates hawana mjadala mwingine: kinda huyu aanze na wakubwa siku ya kwanza, au apelekwe kwanza Indianapolis, timu iliyo ngazi moja chini? Nina msimamo wangu na nitausema, ila kwanza niwaweke sawa wale mliozoea kunisoma nikiandika mambo ya Mkwakwani, uwanja wa Coastal Union hapa Tanga.

Besiboli ya Marekani haina kushuka daraja. Coastal Union akivurunda anaweza kujikuta Championship. Pirates wavurunde watakavyo, mwakani wapo palepale, na kuvurunda wanakujua: ubingwa wao wa mwisho ni wa 1979, na tangu 2015 hawajagusa hatua ya mtoano. Kule anayepanda na kushuka ni mchezaji. Klabu ina timu ndogo chini yake, na kwa Pirates ni Bradenton, juu yake Greensboro, juu yake Altoona, na juu kabisa Indianapolis. Ngazi hizo zinaitwa Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chipukizi anapanda moja baada ya nyingine mpaka siku atakapoambiwa afungashe mabegi aende Pittsburgh. Wapo wanaomaliza safari hiyo ndani ya mwaka. Wapo wanaoizeekea.

Mimi ni mwokaji. Tanuri la familia yetu liko Ngamiani na kazi inaanza watu wakilala. Mechi za Pirates za nyumbani katikati ya wiki zinaanza saa saba na dakika arobaini usiku kwa saa zetu, muda ambao unga umeshakandwa na tunakata madonge. Simu naiegemeza kwenye mizani, kioo kimejaa unga, na bando nikiliona linakaribia kukata nazima video nafuata maandishi tu, mpira mmoja mmoja. Mchezo huu niliujulia shuleni Dar es Salaam, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyetufundisha softiboli. Nilikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na mpaka leo nikiangalia mechi macho yangu yanaanzia pale chini. Namwangalia mpigaji miguu, nyonga, halafu mikono. Ukuta na umati ni mambo ya baadaye.

Na kwa nini Pirates, timu isiyo na raha? Kwa sababu ya Gift Ngoepe.

Ngoepe ni wa Afrika Kusini, alikulia Randburg kwenye uwanja wa klabu ya besiboli ambako mama yake alifanya kazi na wakaishi humohumo, kwenye chumba kimoja. Pirates walimsajili 2008. Akaanza kupanda ngazi, na ikamchukua karibu miaka tisa. Aprili 2017 akaitwa Pittsburgh, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, na mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga safi mpira wa mrushaji Jon Lester wa Chicago Cubs akafika bezi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji anavizunguka ili apate pointi. Nimeitazama ile video mara nyingi kuliko video ya harusi ya dada yangu, na dada asome hapa aninunie.

Ila hapo ndipo penye somo langu lote. Kwa kulinda, Ngoepe alikuwa tayari miaka mingi kabla ya 2017. Mikono yake ilikuwa ya ligi kuu tangu yuko ngazi za chini. Kila skauti alilisema hilo. Gongo halikuwahi kufika. Alicheza mechi 28 na Pirates mwaka ule, wastani wake wa kupiga ukaishia 0.222 (mipigo safi miwili na ushei kwa kila majaribio kumi), na baada ya hapo njia ikafungika. Kwa hiyo mtu akiniuliza "yuko tayari?", swali langu kwake ni "kwa lipi?" Maskauti wenyewe hawampi mchezaji alama moja. Wanampa kwa kila kipaji peke yake, kupiga, nguvu, mbio, mkono, kulinda, kwenye kipimo cha 20 hadi 80 ambacho 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Kijana anaweza kuwa na 70 ya mbio na 35 ya kupiga. Ukizijumlisha ukagawa, umejidanganya, maana hakuna mrushaji atakayemsubiri akimbie kabla hajapiga.

Sasa Griffin. Alichaguliwa wa 9 mwaka 2024 (kila mwaka klabu zinachagua vijana wapya kwa zamu) akitoka shule ya sekondari Mississippi, maana yake klabu nane zilimtazama zikampita, na sababu iliyotajwa sana ni gongo: kwamba kasi na nguvu anazo lakini kugusa mpira itakuwa kazi. Msimu wa 2025, wake wa kwanza wa kulipwa, akawajibu. Ngazi tatu ndani ya mwaka mmoja, Bradenton, Greensboro, Altoona. Mechi 122, wastani 0.333, homurani 21 (ule mpira unaovuka ukuta, kila mtu anajitembelea bezi kwa raha zake), mikimbio (pointi) 94 iliyoingia kwa mipigo yake, na bezi 65 alizoiba, yaani kuikimbilia bezi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe. Jarida la Baseball America likamtaja mchezaji bora wa ligi ndogo wa mwaka. Anacheza shotistopu, nafasi kati ya bezi ya pili na ya tatu, ngumu kuliko zote kwa walinzi wa ndani, na katikati ya uwanja kule nyuma pia anaweza.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu wamemsifu mwaka mzima na tembo limebaki kali. Sina ubishi kuhusu kipaji. Ubishi wangu ni kuhusu mechi 21.

Maana katika zile 122, mechi 50 ni za Bradenton na 51 ni za Greensboro. Bradenton warushaji wengi ni wa rika lake. Uwanja wa Greensboro unajulikana kwa kuwapendelea wapigaji, mpira mwingi unaokatisha tamaa kwingine pale unavuka ukuta. Zinazobaki ni 21 za Altoona, kwenye kile kiwanja ambacho nyuma ya upande wa kulia kuna reli ya bembea za kupiga mayowe, ile inayopanda na kushuka kwa kasi (kijana ninayeoka naye alipoiona kwenye simu alidhani ni mtambo wa mkonge). Huko alipiga vizuri, 0.337, homurani tano. Lakini mechi 21 ni kidogo. Warushaji hawajamzunguka mara ya pili na ya tatu. Hawajakaa wakaangalia video zake wakasema, haya, huyu bwana mpira wa ndani anaumaliza, hebu tumpe wa nje chini tuone.

Kinachowatenganisha Double-A na Triple-A, kwa macho ya mtu aliyewahi kuchuchumaa pale nyuma, ni hiki. Mrushaji akishakosea mara mbili, yaani mipira miwili ya nje na hana straiki hata moja (straiki ni mpira uliopita ndani ya eneo la kupigwa, au ambao mpigaji ameukosa; zikifika tatu anatolewa), anabanwa: akikosea tena na tena anampa mpigaji bezi ya bure. Kijana mdogo akibanwa hivyo anarudi kwenye mpira wa kasi, ulionyooka, maana ndio pekee anaoweza kuulenga. Mpigaji anajua, anausubiri, anaupasua. Ndivyo namba nyingi nzuri za ngazi za chini zinavyopatikana. Indianapolis na ligi yake imejaa wanaume wa miaka 28, 30, walioshawahi kukaa ligi kuu wakarudishwa. Kasi yao imepungua, lakini mtu wa aina hiyo akibanwa anakupa mpira wa kupinda. Anakupa wa kupunguza mwendo. Anakupa kitu chochote isipokuwa kile unachokisubiri. Hapo ndipo unapomwona kinda anazungusha gongo mapema mno, goti la mbele limeshalegea, mpira bado uko njiani.

Kwenye daftari la oda za mikate nina kurasa za nyuma ninazoandikia haya. Sihesabu homurani. Naandika: amebanwa na straiki mbili, amepewa mpira wa kupinda unaotoka nje ya eneo, je, gongo limebaki begani? Griffin mwaka jana alitolewa kwa straiki tatu zaidi kidogo ya mara moja katika kila tano. Kwa mwenye nguvu zile si vibaya hata kidogo. Ligi kuu kiwango hicho kitapanda, kwa karibu kila anayepanda kinapanda, na swali ni kitasimama wapi.

Na msiniambie kwamba Triple-A ikimwona anafaa basi mambo yameisha. Pirates haohao wana Henry Davis, mdakaji, namba moja wa uchaguzi wote wa 2021. Mwaka 2024 alikuwa akipiga juu ya 0.300 Indianapolis. Pittsburgh mwaka huohuo alipiga 0.144. Mtu yuleyule, gongo lilelile, miezi ileile. Triple-A inakuonyesha nani hawezi. Nani ataweza, haikuahidi. Ndiyo maana simpeleki Griffin kule akajaze takwimu. Nampeleka akakutane na ile mipira, atolewe vibaya siku tatu mfululizo, na benchi la ufundi lione siku ya nne anafanya nini. Mwaka wake wote wa 2025 alikuwa akipandishwa kila alipozoea. Sijapata nafasi ya kumwona akihangaika.

Niliyasema haya barazani, alfajiri moja tukipakia mikate kwenye baiskeli, na mzee mmoja jirani, Coastal wa damu tangu ubingwa wa 1988, akanikatiza. "Mwanangu, wewe unaogopa watoto. Mwamnyeto alipotoka hapa kwenda Yanga nani alisema asubiri?"

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Nijibu."

Nikamjibu kwamba Bakari Mwamnyeto alipoondoka 2020 alikuwa ameshacheza Ligi Kuu akiwa na Wagosi, amekabana na washambuliaji wazima wa Simba na Azam, tena Jumamosi mchana mbele ya watu wanaomzomea. Yanga walimnunua wakiwa wameshamwona anapata shida. Hakutolewa timu ya vijana. Mzee akanywa kahawa yake, akasema sawa, lakini kaputeni ni kaputeni. Sikujua linahusianaje, nikamwachia ushindi.

Upande wa pili, kuna jambo linalonifanya niwe mwangalifu na watu wanaosema "asubiri", nikiwemo mimi. Ni hela. Mchezaji akikaa siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu anahesabiwa mwaka mzima wa utumishi, na msimu una siku kama 187. Akifikisha miaka sita yuko huru kwenda anakotaka. Sasa piga hesabu mwenyewe: klabu ikimchelewesha kijana wiki mbili tatu tu za Aprili, inajipatia mwaka mzima zaidi wa kuwa naye kwa bei ya chini. Klabu nyingi zimelifanya hilo huku zikituambia kinda "anahitaji kurekebisha ulinzi wake". Tangu mkataba wa 2022 sheria imejaribu kuziba mwanya. Anayemaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za mchezaji mpya bora wa ligi yake anapewa mwaka kamili hata kama aliitwa kwa kuchelewa. Na klabu ikimweka chipukizi wa daraja la juu tangu mwanzo wa msimu, naye akashinda tuzo ile, klabu inazawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua vijana.

Paul Skenes ndiye shahidi. Alichaguliwa namba moja 2023, na 2024 akaanzia Indianapolis ambako kwa kila iningi tisa (iningi ni zamu, na mechi nzima ni tisa) aliruhusu wastani wa mkimbio 0.99. Kule hapakuwa na mtu wa kumfundisha kitu. Pirates walimwita tarehe 11 Mei tu, wakisema wanamjenga taratibu, na ni kweli mrushaji anajengwa taratibu, mkono ni mkono. Akamaliza msimu na wastani wa 1.96, akashinda tuzo ya mchezaji mpya, na mwaka wake wa utumishi akaupata kamili. Msimu wa 2025 akapata tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora kwa wastani wa 1.97, na rekodi yake ya mechi ikasoma ushindi 10, vipigo 10. Kumi kwa kumi! Timu nzima ilipata mikimbio michache kuliko klabu yoyote ya ligi kuu. Usiku fulani unaoka mikate trei sita, unamwona mtu anawazima wapigaji iningi saba, na wenzake hawajamletea hata mkimbio mmoja wa kumshukuru.

Njaa hiyo ndiyo inayowasukuma watu waseme Griffin aanze kesho. Naielewa. Lakini njaa ya timu si kipimo cha utayari wa kijana, na wakati huu wa mapumziko klabu angalau imekwenda sokoni, imemleta Brandon Lowe kutoka Tampa Bay, mpigaji wa homurani wa uhakika. Shotistopu Jared Triolo anaweza kushikilia hadi Mei bila aibu, maana kulinda anakujua.

Bubba Chandler, mrushaji, ni kesi tofauti, na hapa naona klabu ilikuwa sahihi nusu. Mwaka 2025 alianza Indianapolis kwa moto, mpira unafika maili 100 kwa saa, na watu wakaanza kudai aitwe tangu Mei. Halafu bezi za bure zikaongezeka. Wangemwita ule mwezi wa Mei angeweza kufanikiwa, ila angejifunza kukwepa badala ya kulenga. Walimwita Agosti, akarusha iningi nne bila mkimbio dhidi ya Colorado akaokoa ushindi mechi yake ya kwanza. Kwangu yeye tayari. Awe kwenye mzunguko wa warushaji watano siku ya kwanza, na akitoa bezi za bure Aprili tuvumilie. Hunter Barco, yule wa mkono wa kushoto aliyeonja Septemba, aanze akirusha iningi za katikati. Termarr Johnson, wa nne wa uchaguzi wa 2022, jicho lake la kuukataa mpira mbaya nalipenda mno, lakini nguvu haijaja kama ilivyotangazwa na sasa Lowe amekaa kwenye bezi yake ya pili. Indianapolis, bila mjadala. Seth Hernandez, mrushaji mwingine chipukizi, bado mtoto wa juzi, tumwache.

Kuna mmoja ambaye hayumo kwenye mijadala hii na mimi namfuatilia kuliko wote. David Matoma, Mganda, mrushaji wa mkono wa kulia. Pirates walimsajili 2023, ameshafika Bradenton, na mpira wake nao unakaribia maili 100. Kwetu huku jina hilo halijulikani, wakati Kampala ni safari ya basi. Nitamhukumu kama ninavyowahukumu wengine, sitampendelea: kasi yake inamfungulia mlango tu, kwenye ngazi ile wanaorusha kwa nguvu ni wengi. Ninachokitafuta ni mpira wa pili. Ana wa kupinda anaoweza kuurusha akiwa amebanwa, mbili bila straiki, au anarudi kwenye ule wa kasi? Akiupata, Altoona haiko mbali. Asipoupata, wapigaji wa Greensboro watausubiri ule wa kasi, na uwanja wenyewe nimeshawaambia ulivyo.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Griffin, kinachounga mkono hoja yangu. Kuanzia 2026 ligi kuu inaruhusu mchezaji kupinga uamuzi wa mwamuzi kuhusu straiki: anagusa kofia yake papo hapo, kamera zinaamua, na kila timu inaanza na nafasi mbili za kupinga. Triple-A wameshazoea mfumo huo. Mpigaji mwenye miaka 19 asiyelijua vizuri eneo lake la straiki atazichoma nafasi za timu kwa hasira. Sehemu nzuri ya kuzichoma ni Indianapolis, ambako hakuna anayekasirika.

Kwa hiyo mimi ningemwanzishia huko, nikamwita pindi atakapopitia wiki moja mbaya na kutoka nayo. Inaweza kuwa Mei. Ikifika Julai naye anapiga, hapo nitajua ni hela, na nitaandika hivyo. Wanaotaka aanze tarehe 26 dhidi ya Mets wasiniletee homurani 21. Waniletee alichofanya Altoona na mipira ya kupinda akiwa tayari na straiki mbili.